Koti la Kumtosha Mama

Haya, wenye viti kaeni, wasio na viti kalieni masufuria, ila hakikisheni yamefunikwa. Na wewe shemeji uliyeshika chupa ya chai, mimina kabisa umalize, maana nikifika katikati utaimwaga, na mimi sitaki kesi ya kuunguza watu. Nataka niwaambie nilivyomtafutia mama yangu koti kwa mizani. Nikitia chumvi mniache. Chumvi ni yangu, chakula ni cha kweli.

Pale Louisville, huku Marekani, kuna duka ambalo sisi watu wa kambini tulikuwa tunaliita Kwenye Mizani. Si duka la kutundika nguo. Vitu vilivyokosa mnunuzi kwenye maduka mengine ya mitumba vinamwagwa pale, ndani ya mabeseni ya bluu yenye magurudumu, marefu kama hori la ng'ombe. Unachambua, unajaza toroli, toroli inapandishwa kwenye mizani, unalipa kwa kila paundi ya uzito. Koti la bosi na soksi ya mtoto bei ni moja, kinachotofautisha ni uzito tu. Kambini, kule Kigoma tulikokuwa wakimbizi, tukiona mizani tulikuwa tunamwomba Mungu iende chini, maana ilikuwa mizani ya unga wa mgao. Hapa unamwomba isiende popote.

Na pana adabu yake. Beseni jipya likiletwa huligusi. Mnasimama mstari, mikono nyuma, kama watoto wanaokaguliwa kucha, mpaka mfanyakazi aseme haya. Mimi siku ya kwanza sikujua. Nikaona beseni linakuja limejaa, nikakumbuka belo la mitumba linavyofunguliwa sokoni kambini, ambapo anayechelewa anavaa matambara. Nikaruka. Niliruka juu mpaka nikapishana na taa. Niliposhuka niko katikati ya beseni, nimeshika suruali tatu na mti wa Krismasi, na watu wote kimya. Hata redio ya dukani ilinyamaza. Mfanyakazi akanishika bega taratibu, akanipeleka mwisho wa mstari, akanipanga kama chupa.

Kuruka kule nilifundishwa na mama. Mama alikuwa bingwa wa belo. Muuzaji alikuwa hajamaliza kukata nyaya, mama yuko ndani. Na alikuwa haitazami nguo mbele. Anaigeuza ndani nje, ananusa kwapa, anavuta mshono, halafu anaiinua juani aone kama imechoka. "Nguo mbele inasema uongo," alikuwa anatuambia. "Iulize kwapa." Mimi, dada yangu na mdogo wetu tumekua tumevaa alichokichagua yeye, na hakuna siku meno yetu yaligongana kwa baridi.

Sasa mama mwenyewe niwaambieje. Akisimama mlangoni saa sita mchana, sisi ndani tunawasha taa. Kwenye foleni ya unga watu walikuwa wanagombania kukaa nyuma yake, kwa ajili ya kivuli. Sawa, hiyo ni chumvi. Lakini hii siyo: siku tunaondoka, basi linapiga honi, nilimkumbatia, na mikono yangu haikukutana mgongoni kwake. Nilikuwa na miaka ishirini, mikono mirefu tu. Vidole vilitafutana kule nyuma, vikakosana.

Yeye alibaki. Bibi, mama yake, alikuwa hawezi tena kusafiri, na mama akasema, "Siwezi kumwacha mama yangu nikafuata watoto wangu. Ninyi mna miguu." Dada na mume wake wakapelekwa Buffalo. Mimi na mdogo wangu tukaletwa Louisville, halafu mdogo wangu alipopata ndevu akahamia Columbus, kazi ya ghalani. Ikapita miaka minane.

Bibi alipofariki, kesi ya mama ya kuja Marekani ikaanza kutembea, na mwaka elfu mbili na kumi na tano unaisha ndiyo tukaambiwa: anakuja. Anafikia kwa dada, Buffalo, mwezi wa kwanza.

Mwezi wa kwanza, Buffalo! Mnaoishi kule mnajua. Ukipiga chafya inaanguka chini inavunjika. Nikaapa: mama hatoki mlangoni pa uwanja wa ndege bila koti nililolichagua mimi kwa mkono wangu. Yeye amenivika miaka yote ile kutoka kwenye belo. Mimi nimvike mara moja tu.

Nikampigia simu. "Mama, siku hizi unavaa saizi gani?"

"Saizi ya mama yako."

"Si nauliza, umenenepa, umepungua?"

"Niko vilevile ulivyoniacha. Wewe je, unakula?"

"Nakula sana, mama. Mpaka mkanda umenikataa."

Wakati huo nilikuwa nafunga mkanda kwa tundu nililolitoboa kwa msumari. Lakini mama haambiwi mambo kama hayo.

Akanitumia picha moja kwenye simu. Amekaa, amejifunga vitenge viwili na blanketi juu, uso tu unaonekana. "Kulikuwa na baridi ya asubuhi," akasema. Niliuona uso, hayo mengine nikajazia mwenyewe.

Basi, kila Jumamosi mimi Kwenye Mizani. Pale hakuna chumba cha kujaribia, na lebo za saizi zimekatwa nusu. Nikasema kipimo ninacho, nimekuja nacho kutoka Kigoma. Nikawa naliinua koti, nalifunga zipu, nafumba macho, nalikumbatia. Mikono ikikutana nyuma, nalirudisha. Nilikumbatia makoti mpaka walinzi wakaanza kunisalimia kwa huruma.

Kulikuwa na bibi mmoja wa kutoka Kuba, mteja wa kila siku, yeye alikuwa anatafuta mapazia tu. Mnene wa kupendeza. Kiswahili hajui, Kispanyola sijui, Kiingereza tulikuwa tunakiangalia wote wawili kutoka mbali. Akanitazama nakumbatia makoti wiki mbili, wiki ya tatu akaja na koti jeusi, akanipigia ishara: nani? Nikamwonyesha titi la mama, nikamwonyesha ndege, nikamwonyesha baridi. Akaelewa yote. Akalivaa lile koti yeye, akapanua mikono.

Nikamkumbatia. Vidole vyangu vikagusana nyuma, ncha kwa ncha. Nikatikisa kichwa: hapana, mama ni zaidi. Yule bibi akajitazama tumbo, akanitazama mimi, akacheka mpaka mapazia yakamdondoka. Lakini sikumwachia. Alikuwa ananuka sabuni na vitunguu. Mdomo wangu umeshasema hapana, mikono ilikuwa bado haijasikia. Naye akanipiga mgongo polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto wa jirani, mpaka ilipotosha.

Mwezi wa kwanza ukafika na koti sina. Dada akanicheka kwenye simu: "Kaka, wewe unamkumbuka mama au unakumbuka nyumba?" Nikamwambia asubiri aone. Kusema kweli, kila Jumamosi niliyokosa koti, mama alikuwa ananenepa kidogo kichwani mwangu.

Nikawasha gari mpaka Columbus, kumchukua mdogo wangu anakokaa, upande wa Gahanna, ndege zinapita juu ya sufuria lake. Nikamwambia, kabla ya Buffalo tupite kwenye mizani ya kwenu. Yeye alimwacha mama wakati ana miaka kumi, kwa hiyo mama yake ni mrefu kuliko wangu. "Kaka," anasema, "mama si kichwa kilikuwa kinagusa paa?" Nikaona hapa nimepata msaidizi.

Mahori ya Columbus ni marefu, ukianza kuchambua ukiwa kijana unafika mwisho na mvi. Tukalikuta karibu na mwisho. Koti la kijani, la mwanamume, la manyoya ya bata ndani, kofia yake unaweza kuogeshea mtoto. Mwenye koti wa kwanza nadhani alikuwa anacheza ule mpira wao wa kugongana. Tuliliinua wawili. Nikafunga zipu, mdogo wangu akalishikilia, nikafumba macho, nikakumbatia.

Mikono haikukutana.

"Huyu ndiye," nikasema.

Kwenye mizani yule mfanyakazi aliangalia namba, akaangalia koti, akauliza kama kuna mtu ndani. Tukalipa. Tuko mlangoni mdogo wangu akasimama.

"Kaka. Na kama amepungua?"

"Nani?"

"Mama."

"Mama hapungui."

"Lakini unga si walipunguza kule? Ulisikia mwenyewe."

Nilikuwa nimesikia. Kila mtu alikuwa amesikia. Nikamwambia, "Shika mkono ule, tulibebe."

Tukaliweka kiti cha nyuma, tukalifunga mkanda, kwa sababu bila mkanda lilikuwa linaegemea mlango. Tukaenda mpaka tukaanza kuliona ziwa la kule Buffalo na theluji. Nilikuwa naendesha, nalitazama kwenye kioo. Limekaa pale, kubwa, limetulia, kofia imeinama kidogo kama mtu anayesinzia safarini. Mara mbili nilikaribia kuliuliza kama lina njaa.

Dada anakaa mtaa wa East Side. Akafungua mlango, akatuona tumelishika huku na huku. "Mmekuja na mgeni?"

"Koti la mama," nikasema.

Dada yangu ni mtu anayecheka hata matangani. Siku hiyo hakucheka. Akaligusa bega, akasema, "Ingieni, baridi inaingia."

Asubuhi, siku yenyewe ya mama kufika, dada akaniambia nimpeleke kwenye mizani ya Buffalo, anataka glavu. Akasimama mstari, mikono nyuma, beseni likaja, wakaambiwa haya. Glavu hata hakuzitafuta. Akachomoa koti la zambarau, la mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili hivi. Akaligeuza ndani nje. Akanusa kwapa. Akavuta mshono. Akaliinua kwenye taa. Kwa nyuma alikuwa mama kabisa.

"La binti yako?" nikamuuliza.

"La mtu," akasema.

Sikuuliza tena. Sijui kwa nini sikuuliza. Au najua.

Ndege ilitua mchana. Tumejipanga: dada na mume wake na watoto, mdogo wangu, mimi na koti langu mikononi kama nimebeba mgonjwa. Watu wakaanza kutoka. Mimi natafuta mtu mpana. Mdogo wangu anatafuta mtu mrefu, macho juu kwenye dari. Akapita mpana mmoja, nikaruka, siye. Akapita mwingine, siye. Mbele yangu akasimama kizee kimoja kidogo, kina mfuko mweupe wa plastiki wenye makaratasi ya safari kifuani, kinanifikia hapa, kwenye kifungo cha pili cha shati. Nikanyoosha shingo nione nyuma yake.

"We mtoto," kikasema, "unamtafuta nani?"

Sauti ile. Sauti haikuwa imepungua hata gramu moja. Ilikuwa sauti ya kuita watoto watatu kutoka ng'ambo ya kambi, imekuja peke yake, mwenyewe ameibeba tu.

Koti likaniponyoka. Nikamkumbatia. Mikono yangu ikakutana nyuma, ikapitana, ikaendelea, kila mmoja ukafika kwenye kiwiko cha mwenzake. Hapo jamani sina chumvi. Nilikuwa nasikia mifupa ya mgongo wake mmoja mmoja.

"Mama," nikasema, "ulisema uko vilevile."

"Na wewe ulisema unakula."

Dada akatoa koti la zambarau kwenye mfuko. "Aliniambia nisiwaambie," akasema, huku ananitazama viatuni. Mama akalipokea, akalitazama, linamtosha hata kabla hajalivaa. Halafu akatazama chini, kwenye ule mlima wa kijani niliokuwa najaribu kuusukuma kwa mguu nyuma ya kiti.

"Na lile?"

"Lile ni... ni blanketi, mama."

"Lete."

Nikalileta. Akaligeuza ndani nje, sehemu aliyoiweza. Akanusa kwapa. Akavuta mshono. "Zuri," akasema. "La nani?"

"Lako."

"Ulipima na nini?"

Nikamwonyesha mikono, nimeipanua, vidole havijakutana, vilevile kama siku ile ya basi. Mama akaitazama ile nafasi iliyoko katikati ya mikono yangu. Akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyowahi kukaa.

Koti la zambarau akamrudishia dada. Akasema, "Nivike hili."

Tulimvika watu wawili. Mikono ikapotea, kofia ikashuka mpaka kidevuni, chini kukawa kunafagia. Watoto wa dada wakaanza kucheka na kupiga picha. Mdogo wangu akageukia ukuta. Mimi pua inatiririka, nasingizia baridi, na tuko ndani bado. Mara milango ikafunguka yenyewe, upepo wa Buffalo ukaingia kama mtu anayedai chake, nami jaketi langu lilikuwa jepesi, nikatetemeka mpaka meno yakagongana.

Mama akayasikia yale meno. Akaisukuma kofia nyuma, uso ukatoka. Akashika zipu, akalifungua lile koti pande zote mbili, kama mtu anayefungua milango ya nyumba, na kwa sauti yake ile ile, uwanja mzima ukageuka, akasema:

"Ingia na wewe, mwanangu, humu bado kuna vyumba vya kupangisha!"