Jua la Saa Saba

Baba mkwe wangu ni mtu wa Dagoretti, aliyezaliwa hapo enzi za mashamba, kabla ya nyumba za kupangisha anazomiliki sasa. Mimi nilitoka magharibi kuja kutafuta kazi, nikamwoa binti yake, na kwa miaka kadhaa mazungumzo yetu yalikuwa salamu, mvua na bei ya simiti. Halafu jioni moja, tukiwa uani kwake, aliniuliza ile inayong'aa upande wa Ngong ni nyota gani. Nikamwambia si nyota, ni sayari, inaitwa Zuhura. Akavuta kiti karibu.

Tangu hapo, kila tulipomtembelea alikuwa na swali. Nilipomwambia jua nalo ni nyota, alikataa.

"Kama ni nyota, mbona zile zingine ni ndogo?"

Nikamwonyesha taa za mbali kule milimani. "Kila moja huenda ni kubwa kama hii ya lango lako, Mzee. Umbali ndio umezifanya punje."

Alizitazama zile taa, kisha akageuka kuitazama ile ya lango. Usiku huo nilirudi nyumbani nikijiona mkwe wa kweli.

Kwa hiyo niliposoma mtandaoni kwamba mwezi utapita mbele ya jua, na kwamba Nairobi tutaona sehemu kubwa yake ikizibwa, nilimwalika aje ofisini kwetu mjini tupande paa. Nikamwomba meneja ruhusa, nikanunua miwani maalumu ya karatasi ya kumtosha kila mtu, nikatangaza saa: saa nne asubuhi.

Siku hiyo lifti ilikuwa mbovu. Mzee alikuja amevaa koti na kofia ya kanisani, akapanda ngazi akipumzika kila ghorofa. Juu tuliwakuta wenzangu wote, na meneja akiwa na kikombe chake cha chai. Honi za River Road zilitufikia hadi huko.

Saa nne ikafika, tukavaa miwani. Jua lilikuwa duara kamili, kama chapati ambayo hakuna aliyeigusa.

Nikaanza kuongea ili kujaza muda. Nikaeleza kwamba mwezi ni mdogo sana kuliko jua, ila uko karibu nasi, ndiyo maana unaweza kuliziba. Jua halikubadilika. Nikaingia kwenye galaksi, kwamba jua letu ni moja tu katika kundi la nyota zisizohesabika, na kwamba makundi kama hilo yako mengi kupita akili zetu. Jasho lilinitiririka mgongoni.

"Boss, kwani hii mwezi imekwama jam wapi?" mmoja wa wenzangu akauliza. Wakacheka. Hata meneja alicheka, kisha akasema, "Haya, turudi kazini. Wateja wanangoja."

Walishuka wakiniachia miwani mikononi. Mzee peke yake alibaki ameinua uso.

"Labda ni mawingu," alisema. Hapakuwa na wingu hata moja.

Nikafungua simu, nikasoma tena ule ukurasa. Chini ya saa, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba hayo ni majira ya Greenwich. Sisi tuko mbele kwa saa tatu.

"Nimekosea, Mzee. Ni saa saba mchana."

"Basi waambie wenzako."

"Wacha tu," nilisema. Sikuweza kuvumilia kuchekwa mara ya pili. Nilitupa miwani yote kwenye droo ya meza yangu, nikaomba ruhusa, nikampeleka Mzee hadi Kenyatta Market tukale nyama.

Saa saba tulikuwa tumeketi chini ya mabati, ugali na kachumbari mbele yetu, mwanga ulipoanza kufifia kama jioni. Mzee akaacha kutafuna.

"Hebu tazama hii meza."

Mabati yalikuwa na matundu ya misumari, na kwa kawaida kila tundu hudondosha kidoa cha mwanga cha duara. Sasa kila kidoa kilikuwa kimemegwa ubavuni, majua madogo mengi yamepinda kama hilali. Kila tundu lilikuwa linatuchorea picha ya jua. Mzee akakinga kiganja, majua mawili yakatua juu yake. Akamwita mchoma nyama, akawaita wanawake waliokuwa wakisukana jirani, akawaeleza kwa maneno yangu mwenyewe kwamba mwezi ni mdogo ila uko karibu.

Mimi nilikuwa nikiwaza ile droo. Simu ikalia. Ni meneja, ameandika kwenye grupu ya ofisi: "Kumbe ni saa hizi. Ungetuambia." Hadi leo sijajibu.

Krismasi iliyofuata, ukoo mzima ulikusanyika Dagoretti. Mzee alisimama akasimulia jinsi mkwe wake alivyomchagulia mahali penye mabati yaliyotoboka, makusudi, ili amwonyeshe jua mezani. Paa la ofisi hakulitaja, wala ngazi alizozipanda. Watu walinipigia makofi. Mke wangu, anayejua yote, alinitazama. Niliinamia sahani yangu, nikaendelea kula.