Windo Saba kwenye Kompyuta ya Shemeji

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, dada yangu alinipigia simu kuniambia kwamba mashine imekataa kuongea. Alisema hivyo hivyo, "imekataa kuongea," kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa. Nilikuwa nyumbani. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha, na kiwanda cha kuchambua pamba ninakosimamia mizani ya malori kilikuwa kimefungwa. Nikavaa viatu nikaenda. Sote wawili tunakaa mtaa wa Kambarage, nyumba chache tu kati yetu.

Dada anadarizi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kina mashine moja ya kudarizi, ya sindano sita, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mashine hiyo inapokea amri kutoka kwenye programu moja ya kuchora, na programu hiyo haifunguki mpaka kifaa kidogo mfano wa flashi, ambacho sisi tunakiita ufunguo, kichomekwe ubavuni mwa kompyuta. Programu na ufunguo wake vilitengenezwa enzi za windo saba, ule mfumo wa zamani wa kompyuta, na hiyo saba ndiyo pekee vinayoielewa. Waliovitengeneza wameacha kujibu barua siku nyingi. Kompyuta ya zamani ya dada, nzito kama tofali la kuchoma, betri imekufa, herufi M imeng'oka, ilikuwa na windo saba, na ilifanya kazi hiyo kila siku bila kumsumbua mtu.

Asubuhi hiyo haikuwa mezani. Mahali pake palikaa kompyuta mpya, nyembamba, rangi ya fedha, bado ina nailoni kwenye kifuniko.

"Shemeji yako kaniletea jana," dada alisema. "Zawadi."

"Na ile ya zamani?"

"Kaondoka nayo alfajiri. Kasema ataitafutia kazi."

Mume wa dada ni broka wa dhahabu Nyarugusu. Ananunua kwa wachimbaji pointi mbili, pointi tatu, kisha anawauzia wanunuzi wakubwa. Pointi ni sehemu ya kumi ya gramu, na mara nyingi nimeona kwamba ndicho kipimo cha kutosha kwa akili yake pia. Huja nyumbani mara mbili kwa mwezi, na kila ajapo huleta kitu kinachong'aa. Aliwahi kuleta friji ya milango miwili ambayo haikupita kwenye mlango wa jikoni. Ipo sebuleni hadi leo, haijawahi kuwashwa. Dada anahifadhi humo nyuzi zake, kwa kuwa vumbi haliingii.

Siku nyingine ningemwambia dada asubiri. Lakini Jumamosi ya wiki hiyo kulikuwa na upadrisho Ushirombo. Kijana aliyekuwa anapadrishwa alikuwa mtoto wa rafiki wa dada, waliyejifunza cherehani pamoja kwa masista. Rafiki huyo alifariki kijana akiwa bado seminarini, na wodini, kabla hajafa, dada alimwahidi kwamba kasula ya mwanawe ataidarizi yeye kwa mkono wake, haitanunuliwa dukani Mwanza. Kasula ndilo vazi la juu la padri wakati wa misa. Ilikuwa imeshashonwa, ilining'inia ukutani, nyeupe, tupu. Ilitakiwa kupanda basi Ijumaa asubuhi ikiwa na kikombe kifuani na masuke ya mpunga pande mbili, kwa sababu mama wa kijana alikuwa mkulima wa mpunga. Hakuna aliyekuwa anamlipa dada kwa kazi hiyo, na hakutaka kulipwa.

Nilichomeka ufunguo. Kompyuta mpya ikasema haikitambui kifaa hicho. Kisha ikanitaka niandike anwani ya barua pepe, nikubali masharti yake, na niweke uso wangu mbele ya kamera ili inifahamu vizuri. Sijawahi kuona jembe linalomtaka mkulima ajitambulishe kwanza.

Nilimpigia shemeji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, shem. Niko mwaloni, tunaosha dhahabu, ongea haraka."

"Naomba ile kompyuta ya zamani irudi kwa basi la leo."

"Ule mkweche? Wa nini tena? Si nimewaletea mtambo?"

"Mtambo haujui kudarizi."

"Basi ufundishe! Wewe si ndiye msoma vitabu wa ukoo?" Nyuma yake makarasha yalikuwa yanasaga mawe, na kulikuwa na watu wanacheka. "Ile iko kwenye shughuli, shem. Achana nayo."

Nikamwambia dada kwamba hakuna njia nyingine: hii mpya ipigwe windo saba. Nikasema nahitaji siku moja ya kutafuta mafaili na kuyaandaa. Sikupaswa kutaja siku. Nilipokwenda nyumbani, dada akaitazama kasula, akaingiwa na hofu, akaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja jirani na stendi ambaye bango lake lilidai kwamba anapiga windo zote. Jioni ikarudi. Alikuwa amelipa elfu arobaini.

Kwa macho ilikuwa windo saba. Picha ya bendera ya rangi nne ilikuwepo, na kitufe cha mviringo kwenye kona ya chini kilikuwepo. Ufunguo ulikataa vile vile. Nikafungua ukurasa ambapo mfumo unajitaja wenyewe, nao ukajitaja kwa jina lake jipya bila aibu yoyote. Fundi hakuwa amebadilisha kitu. Alikuwa ameuvalisha mfumo mpya nguo za mfumo wa zamani.

Jumanne asubuhi nikamfuata. Ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu, anayevaa miwani ya jua ndani ya duka lisilo na dirisha.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hii umeiwekea windo saba?"

"Kabisa. Si unaiona?"

"Naona picha."

"Sasa mzee, windo ni nini kama siyo picha?" Aliwageukia wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakisubiri simu zao. "Mnawaona watu wazima? Gari ukilipaka rangi nyekundu, si linakuwa jekundu?"

"Na injini?"

"Injini mteja hakuitaja, mzee."

Wale wa benchi wakacheka sana. Nakubali kwamba jibu lake lilitengenezwa kwa ustadi kuliko kazi yake. Elfu arobaini hakurudisha. Alisema muda wake nao ni mali. Wakati huo muda wake ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki ukicheza drafti kwenye simu.

Nikarudi nayo kwa dada. Kabla ya kuifuta diski nilimwuliza, maana kufuta zawadi ya mume si jambo la kuamuliwa na mdogo wa mke. Alikuwa anaogopa maneno ya mumewe, na alikuwa anaogopa Jumamosi. Mwisho akasema, "Futa."

Kuweka mfumo wa zamani kwenye kompyuta mpya kunaonekana kama kumpa mtu mkubwa nguo ndogo. Sivyo. Ni kama kumleta mzee wa zamani kwenye nyumba ambayo milango yake haina vitasa. Nguvu anazo, ila hajui pa kushika. Kwanza kompyuta ina mlinzi wake anayezuia mfumo wowote asioujua usiwake. Niliingia kwenye mipangilio yake ya ndani kabla haijawaka, nikamwondoa huyo mlinzi, nikaiamuru iwake kwa njia ya zamani. Kompyuta nyingi za sasa hazina tena njia hiyo. Hii ilikuwa nayo, na huo ndio wema pekee niliowahi kuuona kwake.

Nikachomeka flashi yenye windo saba. Ikaanza vizuri, ikaniuliza lugha, ikaniuliza saa. Kisha ikasimama na kudai kwamba haina draiva ya tundu la CD. Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kutumia kifaa fulani. Kompyuta ile haikuwa na tundu la CD. Haijawahi kuwa nalo, na hakukuwa na CD chumba kizima. Ukweli ni kwamba windo saba haiyajui matundu mapya ya USB. Katikati ya kazi ilikuwa imepoteza ile ile flashi iliyokuwa inasomwa, na badala ya kukiri ikamsingizia ambaye hayupo. Maofisi mengi nimeyaona yakifanya hivyo, lakini kwa kawaida huchukua wiki.

Dawa yake ni kuziingiza draiva za matundu mapya na za diski mpya ndani ya mafaili ya windo yenyewe kabla ya kuanza. Nilinunua bando, nikazipakua, nikaziingiza kwa kutumia kompyuta yangu ya nyumbani. Mara ya kwanza nilichukua za aina isiyofaa, ikakataa. Mara ya pili matundu yakaonekana, diski haikuonekana. Mchana wa Jumatano nilikuwa nimeanza mara ya tatu, bendera ya rangi nne imeshatokea, safari hii ya kweli, niliposikia gari la shemeji linaegeshwa nje.

Aliingia akiwa na vumbi jekundu la machimbo hadi kwenye nyusi. Nilimwamkia. Alikuwa anatazama kioo.

"Hiyo bendera si ya ule mkweche?"

"Ndiyo, shemeji."

"Yaya! Yaya, yaya!" Akikasirika, hapana yake hutoka kwa Kisukuma. "Milioni moja, laki tatu na nusu! Kitu cha mwaka huu! Mnakivalisha gunia? Watu wakisikia nimemnunulia mke wangu kompyuta ikarudishwa nyuma, wataniita nani?"

"Hakuna atakayesikia," nilisema, "isipokuwa utangaze mwenyewe."

"Wewe nyamaza, shem. Hujawahi kununua kitu kipya maisha yako yote. Hata hayo mashati yako yana umri wa kupiga kura."

Hilo lilikuwa na ukweli. Dada ndiye aliyeongea.

"Baba watoto, ile ya zamani iko wapi?"

Hapo akabadilika sura, akatabasamu. Akatoa pochi, na ndani ya pochi akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nyingi, kama wanavyokunja kule Nyarugusu. Akakifungua juu ya meza. Katikati palikuwa na punje moja ya njano, haifiki punje ya ulezi.

"Hii hapa," alisema.

Alikuwa ameona kwenye simu kwamba kompyuta zina dhahabu ndani. Muda mrefu, alisema, alikuwa anaitilia mashaka ile ya zamani kwa uzito wake. Zawadi ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa pia namna ya kuipata hiyo nyingine bila maswali. Aliipeleka kwa mchomaji wa dhahabu, wakaivunja kwa nyundo, vibao vyake wakavitia kwenye tindikali, wakachuja, wakachoma. Alieleza kila hatua kwa furaha ya mtu aliyegundua duara jipya, shimo lenye dhahabu.

"Na hii ni safi," alisema. "Haina mwamba."

"Imetoka ngapi?" dada aliuliza.

"Nusu pointi. Ila tulikuwa tunajifunza. Zikipatikana mia moja..."

Nimekaa miaka mingi na watu wa machimbo na sijawahi kuwadharau kwa kuchimba. Mtu anayeingia shimoni kwa kamba hajui kilichopo chini. Anabahatisha kwa mwili wake. Huyu alikuwa na kitu kinachojulikana, kinachofanya kazi, kinachomlisha mkewe, naye akakivunja ili aone kama ndani kuna mali.

Dada aliitazama ile punje. Akaikunja karatasi taratibu kama ilivyokuwa, akamrudishia.

"Toka kwenye mwanga," alimwambia. Mumewe alikuwa amesimama kati ya dirisha na mashine.

Akatoka. Alikwenda kukaa sebuleni, kando ya friji.

Saa kumi na moja jioni nilichomeka ufunguo, na taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Programu ikafunguka. Michoro ya dada ilikuwepo, kwa kuwa huwa anaiweka kwenye flashi. Kompyuta ile sasa haitoi sauti. Haishiki intaneti. Mwanga wa kioo haupungui, unakukazia macho kama askari wa barabarani. Nilimweleza dada kasoro hizo moja moja. Akauliza kama inadarizi. Nikasema inadarizi.

Alhamisi alishinda nayo. Alianza na masuke, akaja kwenye kikombe, akarudi kwenye masuke. Punje moja ya mpunga ilitoka imepinda; akasimamisha mashine, akaifumua kwa wembe uzi kwa uzi, akaidarizi upya kwa mkono. Sikuona tofauti. Alisema mama wa kijana angeiona. Ijumaa kasula ilipanda basi ndani ya sanduku la kadibodi, imefungwa kwa shuka safi.

Jumamosi tulikwenda wote kwa gari la shemeji. Padri mpya alipoinua mikono altareni, masuke yalinyooka kutoka kiunoni hadi mabegani, na dada akainamisha kichwa. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka watu waliposimama.

Baada ya misa watu waliizunguka ile kasula, na shemeji alikuwa katikati yao.

"Hiyo imefanywa na kompyuta yangu," alikuwa anawaambia. "Ya mwaka huu. Mtambo wa kisasa, mikweche haiwezi."

Bibi mmoja akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Wabeja sana, baba." Naye akazipokea shukrani hizo kwa unyenyekevu mkubwa. Dada alisikia yote. Akaniomba nimshikie mkoba, akaenda kumsalimia padri.

Ile punje shemeji alikuwa ameiuza Ijumaa. Njiani kurudi, yeye akiendesha na kusifia barabara, nilipiga hesabu kichwani. Kompyuta mpya, milioni moja, laki tatu na elfu hamsini. Fundi wa picha, elfu arobaini. Mchomaji na tindikali, elfu thelathini na tano. Bando, elfu kumi. Toa elfu kumi na mbili za nusu pointi. Kurudi pale pale tulipokuwa kabla hajaja na zawadi kulitugharimu shilingi milioni moja, laki nne na elfu ishirini na tatu.