Sindano ya Ndita

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alisimama uani kwangu Heru Juu akanitazama kipaji cha uso kama mtu anayekagua maharage yaliyoingia wadudu.

"Wifi, na ndita hizo," akasema, "wakwe wakija watadhani tunawafukuza."

"Wanakuja kumposa binti au kuniposa mimi?"

"Watakutazama wewe waone binti atakavyokuwa akizeeka."

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi Kibondo na Kasulu. Majina ya wote ninaowasimulia ninayo kichwani, mpaka la mbwa wa wifi. Sitayaandika, maana wajukuu zao wanasoma na wengine ni wakali.

Ndita ninazo tangu usichana. Nimelima uso ukiwa juani, nimepika kwa kuni mbichi, nimemzika mume. Wifi alisema ni alama ya mwanamke mgomvi. Mgomvi nilikuwa kweli, hasa yeye akija. Alikuwa anauza vitenge mjini Kasulu, na alikuwa ameokoka. Kwenye maombi alipiga kelele kuliko mchungaji. Ni yeye aliyemtafutia binti yangu yule kijana wa Rungwe Mpya, wa ukoo wenye mashamba na ng'ombe. Binti mwenyewe alimpenda. Kila jioni alikuwa anafua gauni lile lile la kuwapokelea wageni. Kwa ajili ya gauni hilo nilikubali kumfuata shangazi yake kwenda kutafuta sindano ya kuondoa ndita.

Kwanza tukaenda Kibondo kwa lori la mahindi. Huko kulikuwa na mtu mmoja aliyejiita daktari, akizungumza Kiswahili cha Kongo. "Mama, dawa yangu inajaza," akasema. "Pale penye bonde inaweka mulima." Dawa ilikuwa nyeupe, nzito kama mafuta ya kupikia yaliyoganda. Kwenye benchi lake alikaa mwanamke aliyekuja kulalamika. Kati ya nyusi zake palikuwa pameota nundu nyekundu kama kiazi kidogo.

"Hiyo itashuka," daktari akasema.

"Lini?" mwanamke akauliza. "Mtoto wangu ananikimbia."

Nikainuka. Wifi akanivuta kitenge. "Huyo ana damu mbaya tu. Wewe damu yako nzuri."

"Kama ni damu nzuri tu, basi chomwa wewe."

Njia nzima ya kurudi hakunisemesha, nikaona raha.

Mtu wa pili alikuwa Kasulu mjini, nyuma ya duka la vyombo. Yeye alisema dawa yake haijazi, inalegeza. Nyama ya uso imekaza kwa hasira za miaka, inaambiwa ipumzike. Wifi alilipenda neno hasira, akanitazama. Yule mtu akasema uso hupendeza zaidi siku ile ile ya kuchomwa, kwa hiyo tufike asubuhi ya siku ya wageni. Kati ya nundu na kulegea nikachagua kulegea.

Asubuhi hiyo akanichoma kati ya nyusi. Nilitaka kuondoka, ila wifi akasema, "Na mdomoni, hiyo mifereji miwili. Mchome na hapo." Akanichoma kushoto na kulia. Hatujafika kwenye kona ya barabara, mdomo ukaanza kufa. Niliijua hali ile. Nilishawahi kung'olewa gego hospitali. Ilikuwa ganzi ya meno, basi! Nikajaribu kumtukana wifi, maneno yakatoka kama uji.

"Lakini ndita zimekwenda," akasema. "Umekuwa kama msichana."

Wageni walifika mchana na baiskeli zao, wazee wanne na mama wa kijana. Walinitazama wakatabasamu. Wifi akanifinya kiuno kwa furaha. Mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati, mirija ikachomekwa. Kwetu aliyeipika ndiye anayeonja kwanza mbele ya wageni, wamwone akimeza, wajue haina sumu. Pombe niliipika mimi.

Nikashika mrija. Midomo haikuushika. Nikavuta, upepo ukaingia pembeni. Nikavuta tena, pombe ikafika mdomoni ikamwagika kidevuni mpaka kifuani. Nilijifuta. Nikavuta mara nyingine, ikamwagika yote.

Mzee wao mkubwa alikuwa ameshika mrija wake. Akauchomoa akauweka chini kwenye nyasi.

"Mama hamezi," akasema.

"Anaumwa jino," wifi akasema haraka.

"Jino gani na uso laini hivyo?" mama wa kijana akauliza. "Mwenye jino huvimba."

Wakaanza kutazama baiskeli zao. Binti yangu alikuwa mlangoni na lile gauni lake, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Kusema nisingeweza. Nikauchukua mrija wangu, nikaufuta, nikampa wifi.

Alinong'ona, "Wifi, mimi nimeokoka."

Nikausukuma mrija mpaka ukagusa meno yake. Mzee akasema, "Shangazi wa binti naye hanywi?"

Wifi akamtazama binti. Akafumba macho kama yuko kwenye maombi, akavuta. Koo lilipanda likashuka, tukaliona sote. Mzee akasema aongeze, akaongeza. Ndipo mzee akaokota mrija wake kwenye nyasi, akaupangusa, akaketi vizuri. Binti akaachia mwimo akaingia ndani, nikamsikia analia na kucheka huko chumbani.

Jioni uso ulirudi wote, na maumivu juu yake. Posa ilikuwa imepita.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa la wifi walikuja kwangu, maana habari ilikuwa imewafikia. Yeye aliwaambia aligusisha midomo tu kwa heshima ya wakwe. Wakanitaka mimi Mkatoliki niseme ukweli: alimeza? Wifi alikuwa nyuma yao. Alikuwa ananikonyeza na kunitikisia kichwa, yeye aliyeniburuta Kibondo kwa lori la mahindi na kuniongezea sindano za mdomoni.

"Alimeza," nikasema. "Na akaongeza."

Walimkalisha benchi la nyuma mpaka mjukuu wangu wa kwanza akaanza kutembea. Sikumwonea huruma. Hata leo simwonei.