Salamu Nilizozikata

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ya sauti kule Etterbeek, kwa Wabelgiji, nilivishwa hedifoni nikaachwa peke yangu na kanda za Polinesia. Mimi, mtu wa Bukavu, sikujua hata visiwa vya Tonga viko wapi. Kazi ilikuwa kunakili kanda za zamani kwenye kompyuta, kwa ajili ya watafiti wa lugha, kabla hazijaharibika, kisha kujaza kadi: lugha, msemaji, dakika.

Nilisikiliza kama mtu anayesinzia kando ya ziwa. Mbingu kwa Kitonga ni langi. Kanda ya Wamaori ikaiita rangi, ya Hawaii lani. Nikawaza mtu, muntu, umuntu wa Warundi, nikajiona niko ugenini na nyumbani kwa pamoja. Nje mvua ilinyesha nami sikuijua. Niliipenda kazi ile, sifichi.

Mkuu wa studio, Mkongomani wa Lubumbashi, alikuwa mtu wa haraka. Sasa, mzee wa Kitonga hahutubii kabla ya fakatapu, yaani kuwaheshimu kwanza, kwa vyeo vyao, Mungu, mfalme, machifu na wote waliopo. Dakika nne, tano. Nikamuuliza mkuu salamu hizo nizifanye nini.

"Bantu ya luga banatafuta masimulizi, ndugu, hapana salamu. Bon, kata."

Nikakata. Sisi wawili, ambao nyumbani hatuombi hata chumvi kabla ya kuulizia watoto na wagonjwa. Kanda zenyewe, zikiisha kunakiliwa, zikatupwa.

Mkuu alipostaafu nikashika kiti chake. Ndipo akaja mama mmoja Mtonga, mkazi wa Auderghem, mtaa wa jirani, kusikiliza sauti ya marehemu baba yake. Hakuwa na nyingine. Alisikiliza kidogo tu, akavua hedifoni, akaniambia kwa Kifaransa, taratibu:

"Baba hakuanza hivi. Hapa anaonekana mtu asiyelelewa."

Ningeweza kusema kanda ilitufikia imeharibika, angeniamini. Nikamweleza yote. Yeye akaomba kipaza sauti, akasimama, akaitoa fakatapu mwenyewe badala ya baba yake. Sikuelewa maneno mengi, lakini kichwa changu kiliinama chenyewe.

Nimestaafu sasa. Ninyi mnaoanza, mkiifungua nakala ile mtamsikia binti kwanza, kisha baba. Someni na kadi yake. Nimeandika: "Mwanzo ulikuwepo. Niliukata mimi." Chini nimetia jina langu.