Logiciel ilinipa batu kumi na mbili ku dalle ya Beni, bane njo balifika

Salamu kwenu bakubwa wa humu. Hii ninaandika ni ya kweli, chumvi nimeweka kidogo tu, ile ya kuonja.

Mimi niko mutu wa cours du soir, masomo ya magaribi, hapa Butembo. Siku nilipata diplôme ya gestion, ya kusimamia kazi, mutaa muzima ulijua, hata mbuzi za jirani.

Donc kampuni moja ya kujenga ikanipa kazi: kugawanya ba maçon, ba fundi wa kujenga, kati ya chantier ya Butembo na ile ya Beni, na logiciel, ni kusema programu ya kompyuta. Unaandika mutu, kazi anajua, siku gani yuko libre, hana kazi ingine. Ordinateur yenyewe inapanga nani aende wapi.

Ku Beni tulikuwa na dalle, sakafu ya béton ya kubeba étage, ya maternité, nyumba ya kuzalishia. Dalle inamwangwa siku moja, bila kukata katikati. Jumanne mwenye maternité alikuwa anakuja kuiangalia. Kama haiko, kazi ya étage ya juu anaipa kampuni ingine. Na mimi nilikuwa ningali mu essai, banaendelea kunijaribu.

Logiciel ikachagua Jumamosi. Batu kumi na mbili, bote inasema bako libre cent pour cent, mia kwa mia. Nilituma planning ku WhatsApp, bote bakajibu "ndiyo chef".

(Musikilize hapa. Kwetu "ndiyo chef" haisemi atakuja. Inasema amesikia.)

Jumamosi asubuhi chef chantier, Papa Kasereka, akanipigia. Sauti haikuwa hata na hasira.

"Batu bane njo bako hapa. Bengine bako mu kanisa, ba Adventiste, leo ni Sabato yabo. Tuma ile ordinateur yako ikuje ibebe béton."

Nikapanda pikipiki. Tulikimbia mpaka vumbi yetu ikabakia Butembo.

Kufika Beni, nikangoja ibada iishe. Nikakaa na kila mutu, nikamuuliza siku yake ya kusali, nikamutengenezea kalenda yake mwenyewe. Logiciel inaikubali muzuri sana, mais ile page sikukuwa nimeifungua hata siku moja.

Mumbere, fundi wa kufunga chuma, akasema Jumamosi anasali na muke wake, Jumapili na mama yake.

"Na siku ya paie, ya mushahara, unasaliaka wapi?" Papa Kasereka akamuuliza.

"Siku ya paie niko kazini, papa."

Tukamwanga Jumatatu. Balifika bote kumi na mbili, béton haikukatika hata nafasi ya kukohoa.

Jumanne mwenye maternité akatembea juu ya dalle, akaigonga na kiatu, akauliza étage itaanza lini. Papa Kasereka akaninyooshea kidole.

"Muulize huyu. Yeye njo anajua batu bako libre siku gani."

Nilichojifunza: kabla ya kuandika mutu cent pour cent, umuulize kwanza wiki yake inafananaka namna gani.

Sasa mutusaidie, bale munatumia hizi logiciel: matanga munaiwekaka wapi mu kalenda? Kwetu kilio haiombake ruhusa.