Kumpeleka Mama Ziwani kwa Karavani

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na haya nayatoa kwenye madaftari yangu ya zamani, ambayo mengine panya wameyala pembe. Pale daftari liliponyamaza nimejaza kwa kukumbuka. Aliyekuwepo akisema haikuwa hivyo, simbishii.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tukikaa Sumbawanga mjini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kazi za barabara. Mama yangu mzazi alikuwa amepanda kutoka Kirando, kando ya Tanganyika, kuja kukaa nasi baada ya baba kufariki. Alikuja na macho yanayoingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema zahanati, tena yote mawili. Mchana jua lilimchoma asione kitu. Giza likianza kuingia hakuona pia. Ila alasiri, tuseme kuanzia saa kumi mpaka jua linapogusa milima, aliona. Si sana, lakini aliona. Na kila mwezi saa hizo zilizidi kufupika.

Hakutaka mtu ajue. "Hasa wakwe zako," aliniambia. "Wasije wakasema wameoa kwa kipofu." Basi tukitembea alinishika bega, na watu wakadhani ni magoti.

Alichotaka ni kimoja: kuliona ziwa mara moja tena. Alizaliwa akiona maji, akaolewa akiona maji, na sasa yuko huku juu kwenye nyasi na upepo, ambako hata mvua ikinyesha inakimbilia mabondeni. Kirando ilikuwa mbali, na mteremko ule ulimtapisha. Ndipo mume wangu akasema lipo Ziwa Kwela, dogo, huku huku juu milimani, na kikosi chao kitahamia karibu yake kiangazi kile.

Kikosi kilikuwa na karavani. Kwa asiyeijua, ni nyumba ya bati yenye magurudumu, inavutwa na lori, ndani ina vitanda viwili vya kukunja, meza, na dirisha la kioo lenye pazia. Fomeni, msimamizi wao, ndiye aliyelala humo wakiwa porini. Mume wangu alimwomba, naye akasema siku ya kuihamisha yeye atakuwa bado mjini, basi tulale humo usiku mmoja, ilimradi tusimwage mafuta ya taa. Watu walimsema sana fomeni yule kwamba ni mkali. Mimi naandika nilichokiona: kwetu alikuwa mwema.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Wakati ule magari hayakuruhusiwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, labda uwe na kibali. Lori likishafika ziwani lisingeweza kurudi hata mtu angetaka. Mama aliipenda sana amri hiyo. "Serikali imetufungia ziwani," akasema, akacheka peke yake. Lakini Jumatatu alfajiri lori lilitakiwa mjini kuchukua vibarua. Kwa hiyo alasiri yetu ilikuwa moja tu.

Tulipanga kwa miezi miwili. Nikifikiri sasa naona miezi ile tuliishi ziwani kuliko nyumbani. Baada ya kula mume wangu alichora kwa kijiti kwenye majivu ya jiko: hapa matete, hapa maji, hapa karavani.

"Mlango utazame wapi?" mama akauliza.

"Popote utakapo, mama. Nyumba hii ina magurudumu."

"Utazame maji. Na kitanda changu kiwe upande wa mlango."

Nilipoandika dagaa kwenye orodha ya vyakula, alinizuia. "Twende ziwani na dagaa wakavu? Samaki wa huko watatucheka." Nikawafuta. Asubuhi akawa na njaa akasema niwarudishe.

Nikaanza kuliona ziwa kila mahali. Baridi ya mwezi wa sita ilipolaza ukungu juu ya nyasi, paa za mji zilielea kama mitumbwi iliyopinduliwa. Nilikinga maji bombani, nikaiweka ndoo chini, nikasimama kungoja mbingu itulie ndani yake, wenye foleni wakinipigia kelele. Mama naye alikaa mlangoni alasiri, uso ameugeuzia mabonde, akasema, "Pale panang'aa." Palikuwa na mashamba yaliyochomwa tu. Sikumwambia. Sijui kama nilifanya vizuri.

Kosa lililofuata ni langu, na naliandika kama lilivyo. Mjomba wa mume wangu alikuwa na nyumba kijijini, karibu kabisa na ziwa lile. Mume wangu alisema, "Tupite kimya kimya, tutawaamkia Jumatatu." Mimi nikasema haiwezekani. Huku Ufipa ukipita kwa ndugu bila kupiga hodi umewaambia nyumba yao haina chakula. Nikatuma salamu kwa mtu wa sokoni kwamba tunakuja, na mama, mkwe wao, yupo. Niliona natenda haki kwa pande zote.

Tulifika saa saba na nusu. Walikuwa barabarani wote, wamevaa nguo za kanisani. Mama aliposhuka kwenye lori walichuchumaa wakapiga makofi polepole kumwamkia, naye akapiga, wakapiga tena. Karavani ikabaki chini ya kilima, mlango ukitazama barabara, maana hata kuigeuza hatukupata nafasi.

Tukaingizwa ndani. Ikaja pombe ya ulezi, ukaja ugali, maharage, kuku. Ziwa lilikuwa nyuma ya kilima kile kimoja. Saa kumi ikafika. Nikahesabu nani angeweza kusema twende, nikaona hakuna. Mama ni mkwe, hawezi kuinuka kwenye chakula alichopikiwa. Mume wangu hawezi kumharakisha mama mkwe wake mbele ya wajomba. Nami pale ni mkamwana, niko magotini na birika la kunawia. Heshima ilikuwa imetukalia wote watatu.

Mama alikuwa akiitika, "Asanteni, asanteni sana," huku uso umegeukia mwanga wa mlangoni. Mwanga ulikuwa umeshaanza kuwa wa njano.

Mume wangu akajaribu. "Shangazi, tulisema labda tukaangalie ziwa kidogo..."

Mke wa mjomba, ambaye sote tulimwita shangazi, mwanamke mnene mwenye utani, akapiga paja. "Mkwe wetu akaangalie maji, yeye ng'ombe? Maji yako pale pale, hayaendi popote! Mkwe, ongeza kuku. Hawa wa mjini hawajui kukaa."

Wote wakacheka. Mama naye akacheka, mkono wake ukitafuta sahani mahali isipokuwepo. Hakuna aliyeuona ila mimi.

Nikaliweka birika chini. Nikasimama, jambo ambalo mkamwana hafanyi watu wakila. "Shangazi," nikasema, "maji hayaendi, lakini macho ya mama yanakwenda. Haoni tena baada ya jua kuzama, na kesho alfajiri tunaondoka. Naomba nimpeleke sasa."

Mjomba akaangalia chini. Mama hakunigeukia, aliliweka tonge lake polepole pembeni mwa sahani, kama mtu aliyevuliwa nguo. Nilitamani niyarudishe maneno. Na niseme haki: wale watu hawakuwa wamekosa lolote. Walikuwa wakitupa walichonacho chote, nami nimewasimamia juu ya vichwa.

Shangazi ndiye aliyeinuka kwanza. Akafunga kitenge chake upya. "Mbona hamkusema?" akaniuliza, na utani haukuwemo tena. Akamshika mama mkono mmoja, mimi nikashika mwingine. Mama aliutoa mkono wake kwangu, akabaki na wa shangazi.

Tulipanda kilima, watu wote nyuma yetu. Upepo ulikuwa umelala. Tulipofika juu ziwa lilikuwa chini yetu, dogo, limekaa kati ya nyasi kama kitu kilichosahauliwa hapo, na jua lilikuwa limelimwagikia lote mpaka kwenye matete. Nilitangulia hatua mbili ili nimwonyeshe ukingo.

"Dogo," mama akasema.

Alipanua macho, akayafinya, akayapanua tena. Kisha kidole chake kikainuka. "Kuna ndege wale. Weusi. Wawili... hapana, mmoja amezama." Nikaangalia, kweli, na yule wa pili akazama, na maji yakajikunja pale alipokuwa.

Shangazi akaanza kupiga makofi taratibu, kama wanavyoamkia, akaacha.

"Umeniaibisha mbele ya wakwe," mama akaniambia bila kunitazama.

"Nisamehe, mama."

"Haya. Sogea huko, unanizibia."