Rangi Nyeupe ya Paa la Lodwar

Mume wangu, Cliff Ochola, ni fundi wa mapaa bapa. Mapaa ya hapa Stockholm hufunikwa kwa mikeka ya lami, myeusi tii, inayobandikwa kwa moto wa gesi, na yeye ameitandika tangu tuhamie mtaa wa Rågsved. Akirudi jioni ananuka lami. Anavua buti, anaosha mikono, anakula nilichopika, anasema asante. Ukimuuliza kazi imekuwaje, anajibu, "Iko sawa." Ukimuuliza anajisikiaje, jibu ni hilo hilo. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, kwetu watu huongea, na kuishi na mtu wa "iko sawa" ni kazi nyingine ninayoifanya bila mshahara.

Hakuwa hivyo. Tulikutana kwenye harusi Nairobi, mimi nikiwa likizoni kutoka hapa, yeye akiwa likizoni kutoka Doha, alikokuwa akipaka mapaa, akaongea mpaka wahudumu wakaanza kukunja meza. Na alichoongea ni rangi! Kule jangwani, alisema, paa bapa la zege lisipopakwa kinga hupasuliwa na jua, na usiku nyumba hubaki tanuri, kwa sababu zege huutoa polepole moto lililoukusanya mchana kutwa. Dawa yake ni rangi nyeupe nzito, ikikauka inavutika kama mpira, na inalirudisha jua lilikotoka. Unaliosha paa, unaziba nyufa, unapaka mkono wa kwanza, ukikauka unapaka wa pili. Na yote hayo unayafanya alfajiri, zege likiwa bado limepoa. Jua likishapanda, unashuka. Sikuwahi kudhani mwanamume anaweza kunipata kwa habari za rangi ya paa, lakini alinipata.

Sijui alizimika lini. Vidole vyake hufa ganzi Novemba na hurudiwa na uhai Aprili, ila kuna kingine ndani kilichokufa ganzi na Aprili hazikukirudisha. Baba yake alipofariki alikwenda kuzika, akarudi, kesho yake akapanda paani. Nikamuuliza mazishi yalikuwaje. "Yalikuwa sawa." Nilimchukia wiki ile, nasema wazi. Siku hizi simchukii. Ninahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunziwa, narudi nimechoka, na kuna jioni tunakaa sebuleni wote wawili bila neno wala sioni tatizo. Hilo lilipaswa kunitisha.

Mama yake, Wanjugu, anaishi Lodwar, kaskazini mwa Kenya, kwenye joto la jangwa. Alikwenda huko zamani na mumewe mwalimu. Yeye Mkikuyu, mume Mjaluo, kwa hiyo nyumbani walilea watoto kwa Kiswahili. Cliff alimjengea nyumba nzuri ya zege yenye paa bapa, akasema rangi ataipaka mwenyewe akienda likizo. Likizo zikaja na mambo mengine. Mama akawa kila jioni anaburuta godoro uani, maana ndani hakulaliki.

Mwaka jana, akiwa amelala huko nje, nge alimuuma mguuni. Alilazwa hospitali, na daktari akasema kwa umri wake akiumwa tena huenda asipone. Rita, dada yake Cliff anayeishi jirani na Mama, alitupigia simu akilia. Cliff alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama atalala ndani," akasema. "Ile paa itapakwa."

Akaagiza rangi kutoka Nairobi, akamtafuta fundi wa hapo hapo Lodwar anayeitwa Thomas. Mtu ambaye zamani alimpigia mama yake akikumbuka tu, sasa akawa anampigia kila Jumapili. Nyufa zimezibwa? Paa limeoshwa? Maji yanatuama wapi? Nilikuwa napika huku namsikiliza, nikafurahi kwamba angalau kuna kitu kinachomfungua mdomo.

Siku ya kupaka ilimkuta juu ya paa moja mtaa wa Rissne, hapa hapa mjini. Alinisimulia baadaye. Ilikuwa Aprili, paa lilikuwa na barafu nyembamba, na wenzake walikuwa wamesimama na kahawa wakingoja, kwa sababu mkeka wa lami haushiki penye unyevu. Kila mmoja akimuuliza waanze, anamwambia angoje jua. Ndipo simu ikalia. Ni Thomas.

"Boss, tuko juu tayari. Tuanze?"

Cliff, simu ikiwa kati ya bega na sikio, akajibu kama alivyokuwa akiwajibu wenzake asubuhi ile nzima. "Ngojeni kwanza jua ipande vizuri. Paa ishike moto."

Thomas alishangaa, kwa sababu Lodwar hakuna mtu anayengoja jua. Lakini mwenye kazi yuko Ulaya, tena ametoka Uarabuni, nani wa kumbishia? Wakashuka, wakanywa chai, wakapanda tena saa sita mchana. Jioni ikaja picha ya paa jeupe pe. Cliff akaitazama, akasema iko sawa, akaenda kuoga.

Jumapili iliyofuata Mama akatuambia analala ndani, na kumepoa kabisa. Jumapili nyingine vivyo hivyo. Cliff akawa anauliza rangi imeshika vipi, Mama anasema imeshika, na simu inakwisha.

Halafu ikaja Jumapili moja ambayo nilikuwa napiga pasi nguo za kwenda kanisani. Cliff alikuwa ameweka simu mezani, Mama anaonekana mpaka kifuani, amekaa chumbani kwake.

"Nimeamka sasa hivi," Mama alisema. "Nimelala fofofo."

Nyuma yake kitanda kilikuwa mbao tupu. Godoro halikuwepo. Nikamtazama Cliff, nikajua ameona.

"Vizuri, Mama," akasema, akakata simu.

"Umekiona kile kitanda?"

"Nimeona."

"Na?"

"Godoro liko nje." Alisema kama anayesoma habari za hali ya hewa.

Hapo hasira zikanipanda, nikaitua pasi kwa kishindo. "Nge ni yule yule, Cliff! Mpigie Thomas, la sivyo nampigia mimi!"

Akampigia. Thomas hakuficha. "Boss, Mama alinikataza kukuambia. Ile rangi imefanya malengelenge. Juu ilikauka mara moja, chini ikabaki maji. Nusu imebebwa na upepo."

"Mlipaka saa ngapi?"

"Saa sita. Si wewe ulisema tungoje jua?"

"Nilisema," akajibu. "Hiyo si makosa yako. Kwangua yote, nitatuma rangi ingine. Uanze kabla ya mapambazuko. Jua ikitoka, shuka."

Alipoweka simu chini alikuwa anaangalia vidole vyake. "Nimesahau, Fla," akaniambia. "Hicho ndicho kitu kimoja nilikuwa najua vizuri, na nimekisahau." Sauti ilikuwa ile ile ya siku zote. Iliniuma kuliko kama angelia.

Akampigia mama yake tena.

"Mama, godoro iko wapi?"

"Rita amekuambia?"

"Nimeona kitanda. Makosa ni yangu, nilimwambia Thomas vibaya. Atarudia. Mpaka amalize utalala kwa Rita. Tafadhali, Mama."

"Haya. Nitaenda kwa Rita."

"Lakini mbona unidanganye? Ungeumwa tena."

Mama akaondoa uso kwenye simu, tukawa tunaona ukuta tu. Kisha akarudi.

"Kila Jumapili unaniuliza paa," alisema. "Nyufa, maji, rangi. Hujawahi kuniuliza kitu ingine, hata tulipotoka kumzika baba yako. Nikafikiri, nikisema paa ni nzuri, labda utaniuliza kitu ingine."

Nikachomoa waya wa pasi. Nilitaka kumnong'oneza Cliff la kusema, nikajizuia. Akanyosha mkono kwenye simu. Nikadhani anakata simu.

"Mama," akasema mwishowe, "jana ulipika nini?"

"Maharagwe. Hata iliungua."

Kengele za kanisani zilikuwa zimeshalia, na mimi sikuwa nimevaa.

"Iliungua kwa nini?"

Mama akasema hiyo ni hadithi ndefu. Cliff akavuta kiti, akakaa.